Safari ya Kukataa Kahawa

Nilipanga kwenda Muleba kwa mashua ya tanga, kutoka Bukoba, nikiwa na shabaha moja tu: nifike mbele ya ukoo wetu wote, kaka yangu aninyooshee kijikapu cha kahawa ya kutafuna, nami nikatae. Mengine yote niliyoyafanya miezi ile, kushona, kuulizia upepo, kuchoma ndizi za safari, yalikuwa ya kufika hapo.

Asiye wa kwetu ataniuliza, kahawa tu? Ndiyo, kahawa tu. Nyumbani kwetu mgeni akishakaa anapewa akamwani, punje za kahawa zilizochemshwa na majani ya harufu nzuri zikakaushwa na maganda yake. Unachukua moja au mbili, unatafuna, ndipo maneno yanaanza. Anayekataa, kama si mgonjwa wa meno, amesema jambo baya kuliko tusi. Na siku ya kumaliza msiba, mrithi akishakalishwa kwenye kiti cha marehemu, yeye ndiye anayezungusha kijikapu kwa mara ya kwanza kama mwenye nyumba. Ukipokea umemkubali. Usipopokea, kila mtu ameona.

Nitajaribu kuandika kwa haki, ingawa niliishia darasa la saba, na nikiwa na hasira maneno yananitoka ovyo. Kwa hiyo naanza na ya upande wake. Kaka ndiye aliyemuuguza baba. Mimi nilikuwa Hamugembe, hapa Bukoba mjini, na mume wangu, yeye alikuwa kule Muleba, kibanjani kwa baba, anamgeuza mzee kitandani, anamwogesha, anampeleka hospitali na kumrudisha. Hilo halina ubishi. Tena wiki aliyofariki baba, simu yangu ilikuwa imeingia maji, haikuwaka. Hilo nalo ni kweli.

Ya upande wangu ni haya. Wiki hiyohiyo kaka alimpigia mume wangu, ambaye ni mvuvi, akamwomba samaki.

"Shemeji, nina wageni wengi. Nitumie wakubwa wakubwa."

Mume wangu akachagua sangara wazuri, tukawafunga kwa majani ya mgomba, tukawapakia kwenye gari la Muleba. Mimi nikaagiza kabisa kwamba kichwa kile kikubwa apikiwe baba mchuzi, maana alipenda vichwa. Simu yangu ilipokauka nikapiga kuuliza.

"Kaka, baba alikula kile kichwa?"

Akasema, "Baba tumeshampumzisha."

"Lini?"

"Majuzi."

"Bila mimi?"

"Tulidhani mko ziwani. Watu wa maji, mtu atawapatia wapi?"

Nilichelewa kuelewa. Nilikuwa nimeshakata simu, nimekaa chini jikoni, ndipo nilipofahamu wageni wale walikuwa akina nani. Walikuwa waombolezaji. Sisi ndio tuliowalisha watu waliokwenda kumzika baba yangu, na sisi hatukuambiwa. Na namba ya mume wangu kaka alikuwa nayo, ameishika mkononi anaagiza samaki.

Nilimwambia mume wangu. Alikuwa anakata kucha za miguu. Akaacha.

"Aliniambia ana wageni," akasema.

"Hukuuliza wageni gani?"

"Mtu akikwambia ana wageni unamuuliza majina?" Kisha akasema, kama anazungumza na kucha zake, "Wale samaki niliwachagua mwenyewe."

Shangazi yetu, dada yake baba, aliyeolewa Kishanda, ndiye aliyenipa habari ya siku ya kumaliza msiba. Itakuwa kiangazi, akasema, ibada asubuhi, halafu ukoo utakaa na kaka atakalishwa kwenye kiti. "Uje, mwanangu. Mimi niliambiwa hampatikani, nikalia peke yangu." Nikamwambia, "Nitakuja, shangazi, waitu," kwa neno letu la heshima kwa wakubwa. Sikumwambia nitakuja vipi.

Gari la kwenda Muleba lipo kila siku. Lakini nikishuka barabarani, vijana wa bodaboda wote wa pale wanamjua kaka. Kabla sijafika mlangoni angekuwa ameshajua, ameshapanga uso. Hiyo ndiyo sababu niliyompa mume wangu. Sababu ya kweli ilikuwa lile neno, watu wa maji. Tangu nilipoolewa na mvuvi nimelisikia kwetu, likisemwa kwa kucheka. Sisi ni watu wa migomba; ziwa tunaliona kila asubuhi toka mlimani na wengi wetu hatujawahi kuligusa. Basi nikasema, kama mimi ni mtu wa maji, nitamfikia kwa maji, nimelowa, na ukoo utuone tunapanda kilima.

"Una wazimu," mume wangu akasema. "Kiangazi upepo unatoka kulekule tunakokwenda."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Sikusema haiwezekani. Nimesema una wazimu."

Siku ile nilikuwa namenya ndizi za mchana uani. Akachukua maganda, akayapanga ardhini mstari mrefu toka kizingiti mpaka kwenye mti wa kahawa. Huo ndio ulikuwa ufuko wote wa kutoka Bukoba kwenda kusini. Ganda kubwa lilikuwa Kemondo. Mawe madogo yalikuwa sehemu zenye majabali, ambako mashua haina pa kupanda. Akanieleza jinsi asubuhi upepo wa baridi unavyoteremka toka milimani kwenda ziwani, na huo ndio utakaotubeba tukikaa karibu na nchi kavu. Saa za jua kali hakuna kitu, maji yanalala. Alasiri ziwa linaanza kupumua kuja nchi kavu, na hapo asiye na pa kupanda anakwenda kupigwa kwenye mawe. Kwa hiyo tutoke alfajiri, tukimbilie kila siku kwenye mwalo, yaani pale wavuvi wanapopandisha vyombo, kabla ziwa halijabadilika. Siku tatu, akasema. Nne kama upepo ukitukataa.

Kuku akaja akakanyaga Kemondo.

"Ona, umeshazama," mume wangu akacheka. Kisha akapanga upya lile ganda, kwa uangalifu, na nikajua tutakwenda.

Nilimuuliza kama na yeye ana hasira na kaka. Akasema hapana, yeye anakwenda kwa ajili ya upepo, siku hizi wote wanavua kwa injini, hajavuta tanga muda mrefu. Nilimwamini nusu.

Mashua yake ni ndogo, ya watu wawili na mzigo. Wa tatu atakaa juu ya magoti ya mtu. Ilikuwa imepinduliwa nyuma ya nyumba, kuku wanatagia chini yake. Mbao zilikuwa nzima, tukaziba nyufa kwa pamba na lami. Tanga la zamani lilikuwa limeoza. Nikashona jipya kwa viroba vya unga. Niliviosha, nikavikata, nikavipanga viwili viwili, nikavishona kwa uzi wa nyavu na sindano ya magunia. Sikuwa nashona kwa amani. Kila nilipochoma sindano nilikuwa nasema kitu moyoni. Huu ni wa baba kuzikwa bila mimi. Huu ni wa kile kichwa cha samaki. Vidole vilivimba. Kuna mshono mmoja pembeni ambao niliufumua mara kadhaa maana niliushona kwa hasira ukakunjamana, na hapo niliona kwamba chuki haishoni sawasawa. Nikatulia. Nikaendelea kumchukia polepole, kwa mishono midogo.

Tulipolipeleka Nyamkazi, mwalo wetu wa Bukoba, kulijaribu, vijana wa mwaloni walifurahi.

"Mama, hilo ni tanga au pazia la sebuleni?"

"Ni pazia," nikajibu. "Nakwenda kulitundika kwa kaka yangu."

"Na wewe unaingia? Mwanamke chomboni, samaki wanakimbia."

Mume wangu akasema, "Huyu nimekaa naye miaka yote na samaki ninao. Nyie ambao hamna, mmelala na nani?" Wakapiga makofi, wakatusaidia kusukuma.

Aibu ilinipata mimi. Kwetu kila kitu kinafungwa kwa kamba za mgomba, yale maganda makavu ya shina: mzigo wa kuni, paa la nyumba ya msonge, mbuzi. Mimi nikafunga tanga kwenye boriti lake kwa kamba hizohizo, nikazilowesha kwanza kama mama alivyonifundisha, zikakaza vizuri. Mume wangu aliuliza mara moja kama nina hakika, nikamjibu nimefunga kwa kamba hizi tangu utotoni. Tukatoka kuelekea kisiwa cha Musira. Tulikwenda vizuri, jua likapanda, kamba zikakauka, na upepo ulipovuta zikakatika moja baada ya nyingine, tap, tap, tap, na tanga lote likatuangukia kichwani. Nilikuwa ndani ya viroba, sioni kitu, nawasikia wale vijana wanavyocheka toka ufukoni. Mume wangu hakucheka. Alisubiri tufike nyumbani.

Tukafunga upya kwa kamba za nailoni.

Jioni tulifanya mazoezi ya kukataa. Hili naona haya kuliandika, lakini lilifanyika. Mume wangu alikaa kwenye kigoda awe kaka, ameshika kifuniko cha sufuria kiwe kijikapu. Nami nilikuwa nakuja toka mlangoni. Nilijaribu kusema, "Asante, nimeshiba." Ilikuwa laini mno. Nilijaribu kusema, "Hapana," peke yake. Hiyo ilikuwa nzuri, lakini mume wangu alikuwa ananiangalia kwa huruma nikashindwa kuimaliza.

"Usinipe na uso huo," nikamwambia. "Nipe uso wake."

"Uso wake ukoje?"

"Wa mtu aliyeshinda."

Akajitahidi. Alionekana kama mtu mwenye tumbo linalouma. Nikacheka mpaka nikakaa chini, na nikakasirika kwamba nimecheka.

Ndipo nikapata wazo lililonipendeza kuliko yote. Neno linaweza kusahaulika, watu wakabishana nilisema nini. Mimi nitakwenda na kahawa yangu. Nina miche michache nyuma ya nyumba hapa Hamugembe. Nitachuma mwenyewe, nitachemsha, nitakausha, nitafunga kwenye kifungashio cha ganda la mgomba, safi kabisa. Kaka akininyooshea kijikapu, mimi nitaingiza mkono mfukoni, nitatoa yangu, na nitatafuna mbele yake, kwenye nyumba ya baba, kama mgeni aliyekuja na maji yake ya kunywa. Hakuna mzee wa ukoo ambaye hataelewa. Nilichagua punje moja moja. Yenye doa niliiacha.

Mume wangu aliniangalia nikizichagua. "Kama zingekuwa za kumpa mtu," akasema, "angefurahi sana huyo mtu."

Tulitoka Nyamkazi alfajiri, baridi ikiuma. Nilikuwa nimevaa kitenge na sweta la kazi. Gomesi langu, lile gauni la sherehe, tuliliweka kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, ili likae kavu. Ndizi choma na karanga tuliweka kwenye mfuko. Huo ulikuwa uamuzi wangu. Mume wangu alisema chakula kikae kwenye ndoo, mimi nikasema gomesi. Upepo wa milimani ukashuka kama alivyosema, viroba vikajaa, na yale maneno ya kiwanda cha unga yakasimama juu yetu, yamepinduka miguu juu. Bukoba ikarudi nyuma, moshi wa majiko ukiwa unatoka kwenye migomba ya mlimani. Nikasema moyoni, nakuja.

Siku ya kwanza tulilala Kemondo, tumejifunika tanga. Siku ya pili haina la kusimulia. Kila kitu kilikwenda kama maganda ya uani. Nilianza kujiona hodari.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya kumaliza msiba. Tulihesabu tutafika wakati watu wametoka kwenye ibada. Lakini upepo wa asubuhi ulikufa mapema. Tukakaa juu ya maji kama kopo. Mume wangu akashika kasia, mimi nikachota maji yaliyokuwa yanaingia kwenye ufa mmoja wa chini. Nilipotafuta chakula, mfuko ulikuwa umekaa kwenye maji yale, ndizi zimekuwa uji, karanga zimevimba, na yote yananuka lami. Gomesi lilikuwa kavu kabisa.

Mume wangu alikuwa hajala tangu jana yake mchana. Aliendelea kupiga kasia, lakini nilimwona anafumba macho kati ya kasia na kasia. Nikamwambia, "Mzee, usilale."

"Silali. Nafikiri."

"Unafikiri nini?"

"Kulala."

Nikatoa kifungashio changu. Nilimpa punje moja, nikamtia mdomoni maana mikono yake haikuwa na nafasi. Akatafuna. "Nzuri hii," akasema. Nikatafuna moja na mimi, nikasema zimebaki nyingi.

Halafu ziwa likageuka kabla ya wakati wake. Upepo ulitoka mbele yetu, pembeni kidogo, ukatusukuma kuelekea majabali. Ikabidi twende mshazari, huku na huku, tanga likihamishwa kila mara, mimi nikiinama boriti lisinipige. Mume wangu anapiga kelele, "Vuta! Achia! Chota, mama, chota!" Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Katika hofu ile mkono wangu ulikuwa unaingia mfukoni wenyewe, moja kwake, moja kwangu, moja kwake. Ladha ile chungu ndiyo kitu pekee kilichokuwa cha nchi kavu. Sikumkumbuka kaka. Kwa haki niseme hivyo: muda wote ule sikumkumbuka hata kidogo.

Tulipozunguka ile rasi ya mwisho na kuona paa la bati la kanisa letu juu ya kilima, nikatia mkono nikakuta ganda tupu la mgomba.

"Zimekwisha," nikasema.

"Zote? Zile za vita?"

"Tumezila."

Akaniangalia, ana maji kwenye ndevu, akaanza kucheka. Nilitaka kumsukuma majini.

Tulipanda kwenye mwalo mdogo kati ya mawe. Gomesi nililiacha kwenye ndoo. Nilikwenda na kitenge kilicholowa, sweta linachuruzika. Mume wangu alibeba tanga begani, maana huwezi kuacha tanga kwenye mwalo usioujua. Tukapanda kilima. Viatu vyangu vilikuwa vinatoa sauti ya maji kila hatua.

Watu walikuwa wamekaa chini ya turubai, katikati ya migomba ya baba. Kaka alikuwa ameshakalishwa. Amevaa kanzu na koti la baba, na kijikapu kilikuwa magotini. Alikuwa ameshaanza kugawa. Mlio wa viatu vyangu ndio uliowafanya wageuke.

"Jamani," shangazi akasema, "huyu ametokea wapi, mbona ameloa hivi?"

Kaka alituangalia, akaangalia tanga. Akajaribu kuchangamka. "Karibuni, karibuni. Watu wa maji mmefika."

Wachache walicheka, wale wa upande wake.

"Tumefika, kaka," nikasema. "Samaki tulitanguliza."

Hili sikulifanyia mazoezi. Lilitoka lenyewe.

"Samaki gani?" shangazi akauliza.

"Wa msiba. Wale mliokula siku ya kumzika baba."

Baba mdogo, aliyekuwa karibu na kiti, akamgeukia mume wangu. "Wale walitoka kwenu?"

Mume wangu akainamisha kichwa kwa heshima, tanga likiwa bado begani linadondosha maji kwenye mkeka wa watu. "Niliwachagua mwenyewe, waitu. Niliambiwa kuna wageni."

Hakusema kwa kukejeli. Alikuwa anajibu alivyoulizwa, kwa adabu, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Niliona watu wanatazamana. Niliona mama mmoja anajifuta mdomo kwa khanga, kana kwamba samaki yule bado yupo pale. "Na sisi tuliambiwa hawapatikani," shangazi akasema, polepole, akimwangalia kaka. Kaka akaangalia ndani ya kijikapu.

Nilipata nilichokitaka, tena zaidi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, sikuona huruma wakati ule. Niliona utamu. Utamu ule ulikuwa mdomoni pamoja na uchungu wa kahawa yangu.

Kisha kaka akainuka kwenye kiti. Baba mdogo akamwambia, "Mrithi hainuki, kaa." Hakukaa. Alikuja mpaka niliposimama. Koti la baba lilikuwa linampwaya. Sikuwa nimejua amekonda kiasi kile. Akanyoosha kijikapu kwa mikono miwili.

"Mdogo wangu," akasema.

Mkono wangu ukaenda mfukoni, kwa mazoea, ukagusa ganda tupu. "Hapana" ilikuwa imekaa tayari kwenye koo. Sijui kwa nini sikuisema. Nimejiuliza sana, na kila jibu ninalopata linanifanya nionekane mwema, kwa hiyo siliamini. Ninachojua ni kwamba nilichukua punje moja. Nikaifumba kiganjani. Sikuitia mdomoni.

Ukoo mzima uliangalia shavu langu.

"Tafuna, mwanangu," shangazi akasema.

"Nitatafuna, waitu."

Nikaenda kaburini. Lilikuwa limeshasakafiwa, saruji laini, imepakwa vizuri. Kaka alilifanyia kazi. Nilikuwa nataka kutupa udongo wangu na hapakuwa na pa kuutupa. Nikachota konzi moja kwa mkono wa kushoto, nikaimwaga pembeni, pale saruji inapokutana na shina la mgomba. Mkono wa kulia ulikuwa bado umefumba.

Kesho yake asubuhi kaka alishuka mpaka mwaloni, akaingia majini mpaka mapajani kutusukuma. Hakusema chochote kuhusu samaki. Mara mbili nilimwona anachungulia mdomo wangu.

Punje ile iko hapa Hamugembe, nimeifunga kwenye ncha ya khanga iliyo kabatini. Mume wangu ananiambia niitafune yaishe, au niitupe ziwani yaishe. Simfuati katika yote mawili. Nikiitafuna nimemkubali, nikiitupa nimemkataa, na hapo atapumzika, atasema basi, dada amekataa, tuendelee. Sasa hajui. Siku hizi ananipigia mwenyewe, mara kwa mara, anauliza afya, anauliza mvua, anampa mume wangu salamu ndefu. Senene wakianza kuanguka, mimi ndiye wa kwanza kuambiwa. Kila akipiga kuna mahali anafika ananyamaza, nami nanyamaza.

Juzi shangazi alinipigia toka Kishanda. "Mwanangu, kaka yako anataka kujua kama meno yako yanakusumbua."

"Mwambie ni mazima, waitu. Yote."

Akaguna, akasema atamfikishia. Nikaenda kabatini nikaipapasa ile ncha ya khanga, ipo, ngumu. Si jambo la kujivunia, na labda siku moja nitaliona tofauti. Lakini nilijua yeye hatalala vizuri usiku ule. Mimi nililala.